Viongezeo vya Chakula Madukani Mara: Halali, Haramu na Kinachohitaji Kuulizwa

Kwa muda mrefu mjadala wa halali na haramu katika Kanda ya Ziwa umekuwa mjadala wa kisu. Kuanzia mwishoni mwa 2012 hadi miezi ya mwanzo ya 2013, swali la nani achinje mnyama anayeuzwa buchani lilizua mgogoro katika mikoa ya Mwanza na Geita, likaleta vurugu huko Buseresere mwezi Februari ambamo mchungaji mmoja aliuawa, na likawalazimu viongozi wa serikali, miongoni mwao Stephen Wasira, aliyekuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais na wakati huohuo mbunge wa Bunda, kutangaza kwamba desturi ya zamani ya Waislamu kuchinja kwa ajili ya kitoweo cha watu wote iendelee. Machinjio, kwa hiyo, yana macho mengi juu yake. Kisichotazamwa ni chakula ambacho mlaji hana habari kama kiliwahi kupita machinjioni: biskuti, pipi, jojo, mkate wa dukani, mtindi wa pakiti, jeli, soseji, siagi ya mimea na soda, bidhaa ambazo huingia Mara kwa barabara ya Mwanza kupitia Bunda, au kutoka Kenya kwa mpaka wa Sirari, na ambazo hufika hadi vioski vya Butiama zikiwa na orodha ya viambato iliyochapwa kwa herufi ndogo ambazo hata mwenye macho mazima huzisoma kwa tabu.

Katika orodha hizo ndimo vinamopatikana viongezeo vya chakula, yaani vitu ambavyo kwa kawaida haviliwi peke yake kama chakula, bali hutiwa kwa makusudi ili chakula kisiharibike mapema, kipate rangi, kiwe laini, kigande, kivimbe, au mafuta na maji yaliyomo yasiachane. Nyingi za dutu hizo zimepewa namba. Ulaya huziandika kwa herufi E ikifuatwa na tarakimu, na Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya mwaka 1963, hutumia mfumo wa kimataifa wenye tarakimu ambazo kwa sehemu kubwa ni zilezile. Jambo la kushika mapema, kwa kuwa ndilo chanzo cha mkanganyiko mwingi, ni kwamba namba hutaja dutu na kazi yake, na haisemi dutu hiyo imetoka kwa mnyama, mmea, madini au maabara. Na kwa mwanasheria wa Kiislamu asili ya kitu ndiyo swali la kwanza.

Sheria yenyewe huanza na upana. Wanazuoni wameweka kanuni kwamba asili ya vitu vyenye manufaa ni ruhusa mpaka upatikane ushahidi wa kukataza, na makatazo yaliyotajwa katika Qur'ani, hasa katika Sura al-An'am aya ya 145, ni machache na yanahesabika: mzoga, damu inayomwagika, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, kisha Sura al-Maida aya ya 90 ikaongeza kileo. Imepokewa pia, kwa njia ya Salman al-Farsi, hadithi ambayo nguvu ya mapokezi yake imejadiliwa na wataalamu, kwamba Mtume aliulizwa kuhusu samli, jibini na vazi la manyoya, akarudisha hukumu kwenye Kitabu na kueleza kwamba kilichonyamaziwa kimesamehewa. Swali hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu jibini ni chakula ambacho hakiwezi kutengenezwa bila kutiwa kitu cha kuigandisha, na kitu hicho zamani kilitoka tumboni mwa ndama. Kwa maneno mengine, swali la viongezeo lilikuwapo kabla ya viwanda.

Kanuni ya ruhusa ikitumiwa ipasavyo, sehemu kubwa ya rafu za duka lolote la Musoma husafika bila kazi kubwa. Magadi soda na poda ya kuumulia (baking powder) kwa sehemu kubwa ni chumvi za madini. Asidi ya sitriki, namba 330, inayoipa soda na juisi za pakiti ukali wake, hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa kuvu. Benzoeti ya sodiamu, namba 211, inayozuia kuharibika, hutengenezwa kiwandani bila kiungo chochote cha mnyama. Lesithini, namba 322, kwa kawaida ni ya soya au alizeti. Rangi ya manjano iitwayo tatrazini, namba 102, hutokana na mafuta ya petroli, na kama kuna la kuuliza kuhusu rangi hiyo, ni la afya zaidi kuliko la tohara. Hata siki nyeupe ya bei nafuu mara nyingi ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji, ambayo haijawahi kuwa mvinyo, na kwa hiyo haimhusu msomaji wa fiqhi ya Shafii, madhehebu ya Waislamu walio wengi wa Afrika Mashariki, ambayo huikubali siki ya mvinyo pale tu mvinyo ulipogeuka wenyewe bila kutiwa kitu.

Pamoja na hayo, orodha za namba za kuogopwa huzungushwa kwenye simu kutoka kundi moja hadi jingine, zikiwa zimechanganya asidi ya sitriki na mafuta ya nguruwe katika safu moja. Ugonjwa huo si wa Waislamu peke yao. Ufaransa, kuanzia mwaka 1976, ilisambaa karatasi iliyodaiwa kutoka katika hospitali ya Villejuif, ambayo hospitali hiyo iliikana, na karatasi hiyo ikaitaja namba 330 kuwa ya hatari kuliko zote kwa kusababisha saratani. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mtu fulani alisoma juu ya mzunguko wa asidi ya sitriki mwilini, unaoitwa kwa jina la mwanasayansi Hans Krebs, akalichukua jina hilo kwa maana yake ya Kijerumani, ambayo ni saratani. Kuharamisha bila elimu ni kosa la kidini lenye uzito uleule wa kuhalalisha bila elimu, ingawa mimbarini hukemewa kwa nadra zaidi.

Baada ya kuondoa yasiyo na shaka, hubaki kundi dogo ambalo ndilo lenye fiqhi ya kweli, na mbele yake imesimama gelatini. Gelatini ni protini inayopatikana kwa kuchemsha ngozi, mifupa na kano za wanyama baada ya kuzilowesha katika asidi au chokaa, na ndiyo inayoyumbisha jeli, inayozipa pipi laini unyumbufu, inayozuia maji ya mtindi kujitenga, na inayotengeneza ganda la vidonge vya dawa. Sehemu kubwa ya gelatini ya chakula inayotengenezwa Ulaya hutokana na ngozi ya nguruwe, na nyingine hutokana na ng'ombe ambao namna ya kuchinjwa kwao haijulikani. Swali linaloulizwa na wanazuoni ni hili: je, ngozi ya nguruwe iliyopita katika asidi, ikachemshwa, ikachujwa na kuwa unga usio na rangi wala harufu, bado ni nguruwe?

Dhana inayobeba jibu huitwa istihala, maana yake kugeuka kwa kitu kutoka dhati moja hadi nyingine, kiasi kwamba jina na sifa zake za kwanza zinaondoka. Wanazuoni wa Hanafi wameipanua kanuni hiyo, na miongoni mwa Maliki wamo walioifuata njia hiyo, hata wakaona kwamba najisi iliyogeuka kabisa imekuwa kitu kingine chenye hukumu nyingine. Shafii wameifunga: kwao kilicho najisi kwa dhati yake husafika katika hali chache zilizotajwa, mashuhuri zikiwa mvinyo uliogeuka siki wenyewe na ngozi ya mzoga iliyotiwa dabaghi, yaani iliyolainishwa kwa vitu vikali vinavyoondoa uozo, na hata dabaghi haiisafishi ngozi ya mbwa wala ya nguruwe. Mgawanyiko huo wa kale ulijirudia katika mabaraza ya zama hizi. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwezi Oktoba 1986, iliamua kwamba haijuzu kwa Mwislamu kutumia katika chakula chachu na gelatini zilizotolewa kwa nguruwe, kwa kuwa zipo za mimea na za wanyama waliochinjwa kisheria zinazotosheleza. Miaka tisa baadaye, mwaka 1995, semina ya Taasisi ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba nchini Kuwait iliona kwamba gelatini iliyotokana na mnyama najisi imekwisha kugeuka na hivyo ni tohara na inalika.

Kwa Mwislamu wa Nyasho, Musoma, au wa Bunda mjini, aliyefunzwa fiqhi ya Shafii tangu madrasa, rai ya Kuwait haina njia rahisi ya kuingilia, na hoja ya kikemia nayo haiibebi vizuri kama inavyodhaniwa. Gelatini ni kolajeni ileile ya ngozi iliyokatwakatwa kwa joto na maji; mnyororo wa asidi za amino haukuundwa upya, na maabara yenye vifaa vya kutosha inaweza, katika hali nyingi, kutambua kama gelatini ni ya nguruwe au ya ng'ombe. Kitu ambacho bado kinabeba alama ya mnyama wake ni vigumu kukiita kitu kingine. Rai ya Amman, kwa kipimo cha dalili na cha mazingira ya Afrika Mashariki, ndiyo yenye nguvu zaidi kwa upande wa chakula. Ganda la kidonge cha mgonjwa ni mlango mwingine, unaoongozwa na kanuni za dharura na za kukosekana kwa mbadala, na haufai kufunguliwa kwa ajili ya pipi.

Inayofuata ni namba 471, mchanganyiko wa gliseridi za asidi za mafuta, unaotiwa katika mkate, keki, siagi ya mimea na barafu tamu ili mafuta na maji yashikane. Hutengenezwa kwa mafuta yoyote: ya mawese, ya soya, ya ng'ombe au ya nguruwe, na dutu inayotoka ni ileile, yenye namba ileile. Katika bidhaa za Afrika Mashariki mafuta ya mawese ndiyo yanayotawala kwa sababu ya bei, kwa hiyo dhana iliyo karibu zaidi ni uhalali. Katika biskuti iliyotoka mbali, isiyo na alama yoyote, dhana hiyo hudhoofika. Namba 920, yaani sisteini, inayolainisha unga wa ngano katika baadhi ya viwanda vya mikate, huweza kutokana na manyoya ya ndege, na imewahi kutengenezwa kwa nywele za binadamu, ambazo sheria huzikataza zisiliwe kwa heshima ya mwanadamu mwenyewe. Siku hizi hupatikana pia kwa uchachushaji, na hiyo haina tatizo.

Rangi nyekundu zina mtego wake. Karmini, namba 120, hutolewa kwa kusaga wadudu wa kokinili wanaoishi juu ya mpungate, ilhali karmoisini, namba 122, ni rangi ya kiwandani isiyo na mdudu ndani yake, na kufanana kwa majina kumewafanya wengi waikimbie ya pili wakidhani ni ya kwanza. Kuhusu kokinili yenyewe, Shafii kwa kawaida huwakataza wadudu isipokuwa nzige, na ndiyo sababu senene wa Bukoba, walio jamii ya panzi, hupata utetezi ambao kumbikumbi hawaupati. Lakini Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi yenye Shafii wengi kuliko nyingine, lilitoa fatwa mwaka 2011 kwamba rangi ya kokinili ni halali, kwa kumlinganisha mdudu huyo na nzige kwa kuwa hana damu inayotiririka. Hapa ikhtilafu ni ya kweli, na anayejizuia na anayekula wote wana pa kusimama.

Indonesia hiyohiyo ilitoa funzo jingine, zito zaidi, kuhusu monosodiamu glutameti, namba 621, unga unaokoleza ladha ya supu na viungo vya pakiti. Unga huo hutengenezwa na bakteria wanaolishwa sukari ya molasi, na kwa asili ni halali. Mwishoni mwa 2000 ilibainika kwamba kiwanda cha Ajinomoto nchini humo kilikuwa kimebadilisha lishe ya bakteria na kutumia dutu ya soya iliyovunjwavunjwa kwa kimeng'enya cha kongosho la nguruwe. Baraza la Maulamaa likaiharamisha bidhaa hiyo na mwanzoni mwa 2001 ikaondolewa sokoni; Rais Abdurrahman Wahid, ambaye naye alikuwa mwanachuoni, akasema ni halali kwa kuwa unga uliotoka haukuwa na chembe ya nguruwe. Mabishano hayo yanaonyesha mpaka wa vipimo vya maabara: upande mmoja ulikuwa ukitazama mabaki, mwingine ukitazama njia, na anayethibitisha uhalali asipoingia kiwandani hawezi kuiona njia.

Pombe katika ladha bandia, kama vanila ya maandazi na keki, huwatia watu wasiwasi mkubwa kuliko ukubwa wa jambo lenyewe. Wenyeji wa Mara wanaijua tofauti muhimu bila kuisoma vitabuni, kwa kuwa togwa ya mtama au ulezi iliyokaa usiku mmoja ni kinywaji cha watoto, na ikiachwa siku nyingi zaidi huwa kitu kingine. Katika mkusanyiko wa Muslim imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alikuwa akilowekewa zabibu kavu, akinywa maji yake hadi siku ya tatu, na kilichobaki kikimwagwa. Kigezo ni ulevi na asili ya kileo. Kwa kufuata mantiki hiyo fatwa ya Indonesia ya mwaka 2018 iliruhusu kinywaji kilichochachuka chenyewe chenye ethanoli isiyofika asilimia 0.5, ikakataza kilichotiwa mvinyo hata tone. Chachu ya jibini nayo imepata nafuu: Abu Hanifa aliiruhusu hata ya ndama aliyekufa, Shafii wakaikataa, lakini tangu 1990, Marekani iliporuhusu kimosini inayotengenezwa na vijidudu, sehemu kubwa ya jibini duniani haimhitaji ndama tena.

Inabaki kuulizwa ni kwa kiasi gani mnunuzi anawajibika kuchunguza. Bibi Aisha alipokea kwamba watu walimweleza Mtume kuhusu nyama waliyoletewa na kaumu waliosilimu karibuni, bila kujua kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa juu yake, naye akawaelekeza walitaje wao wenyewe na wale. Hadithi hiyo, iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari, inakata mzizi wa wasiwasi wa kupita kiasi. Lakini haimfuniki anayesoma neno gelatini kwenye pakiti akaligeuzia uso, kwa sababu shaka yenye alama ni tofauti na shaka iliyobuniwa, na Mtume mwenyewe, katika hadithi ya Nu'man bin Bashir, alisifu kuyaepuka mambo yenye utata yaliyo kati ya halali na haramu zilizo wazi.

Mzigo huo hautakiwi kumwangukia mama anayenunua biskuti za watoto. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 limechukua udhibiti wa chakula uliokuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, hupima usalama na ubora, na kazi hiyo haihusiani na dini. Cheti cha halali hutolewa na vyombo vya Kiislamu, likiwamo Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) lililoundwa mwaka 1968. Kati ya pande hizo mbili hakuna unaomlazimisha mtengenezaji kuandika gelatini ya mnyama gani au gliseridi za mafuta gani, ilhali maneno mawili ya nyongeza kwenye lebo yangemaliza sehemu kubwa ya mjadala huu. Mwenye duka la jumla Musoma, anayeagiza makatoni, ana sauti kubwa kuliko mnunuzi mmojammoja, na barua yake kwa mwagizaji hujibiwa.

Wala dai hilo si la Waislamu pekee. Wasabato, ambao Majita na Ikizu ni maeneo yao ya siku nyingi, nao hawali kitimoto wala hawanywi pombe, na kwa samaki huchagua wenye mapezi na magamba. Kwa hiyo chanzo cha gelatini kinachoweza kuwafaa wote kimo ziwani: sangara ana mapezi na magamba, na kwa Mwislamu samaki hahitaji kuchinjwa. Ngozi ya sangara ina kolajeni tele, na watafiti, miongoni mwao J. H. Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, walichapisha mwaka 2004 matokeo yaliyoonyesha kwamba gelatini yake, tofauti na ya samaki wa bahari za baridi ambayo hulegea upesi, inakaribia ya wanyama wa nchi kavu kwa nguvu ya kuganda. Viwanda vya minofu vya ukanda wa ziwa husafirisha minofu Ulaya, mabondo huenda Asia kwa bei inayoishinda minofu, na mapanki, mifupa yenye vichwa ambayo filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004 iliigeuza kuwa ugomvi wa kitaifa, hukaangwa na kuuzwa. Ngozi ndiyo iliyobaki bila soko la maana. Kuigeuza kuwa gelatini kunataka asidi, maji mengi safi, umeme usiokatika ovyo na cheti cha halali, na kati ya hivyo vinne cheti ndicho ambacho kingepatikana Musoma kwa wepesi zaidi.